Sanduku la Maswali: Mionzi Iliyomo Katika Ndizi, Chumvi na Omena

Barua za mwezi huu zimefuatana kama abiria walioshuka kituo kimoja. Chanzo chake ni video fupi inayozungushwa kwenye simu, ambamo mtu asiyeonyesha uso anasogeza kipima mionzi karibu na chane la ndizi mbivu, nacho kinaanza kulia kwa kasi. Video yenyewe siiamini, kwa sababu nitakazozieleza, lakini swali lililozuka ni la haki na linastahili jibu refu kuliko nafasi tunayolipa swali moja kwa kawaida. Nimeanza na barua ya mtu ambaye riziki yake imeguswa.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama muuza ndizi katika Soko la Wakulima hapa Marikiti. Ndizi zangu hutoka Murang'a, na nyingine Kisii. Wiki iliyopita mteja wangu wa siku nyingi alinionyesha video hiyo, akaniambia kwamba ndizi zina sumu ya nyuklia, akaziacha mezani akaenda zake. Je, kuna ukweli wowote? Na kama upo, ni mbolea wanayotumia wakulima, au ni ile dawa ya kuivishia?

JIBU: Mama, nianze na lile unalolingojea: endelea kuuza. Ni kweli kwamba ndizi ina unururifu, na si uzushi wa washindani wako. Ila viazi vya jirani yako wa kulia navyo vinao, maharagwe ya jirani wa kushoto yanao zaidi, na mteja aliyekukimbia amebeba mwilini mwake unururifu mwingi kuliko mkungu mzima aliouacha mezani. Dawa ya kuivishia haihusiki hata kidogo, na mbolea nayo haikuleta kitu ambacho udongo haukuwa nacho tangu zamani.

Unururifu ni tabia ya atomu zisizo imara kuvunjika zenyewe na kutoa mionzi. Mfaransa Henri Becquerel aliigundua mwaka 1896 alipokuwa akichunguza chumvi za uraniamu, na ndiyo maana kipimo cha mivunjiko hiyo kinaitwa bekereli: bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Sasa, ndizi inasifika kwa potasiamu, madini ambayo mwili unayahitaji ili misuli ifanye kazi, neva zipeleke habari na moyo upige kwa mpangilio. Potasiamu yote ya asili, iwe ya kwenye ndizi, kwenye gunia la mbolea au kwenye damu yako, ni mchanganyiko wa atomu za aina tatu. Mbili kati yake, potasiamu 39 na potasiamu 41, ni tulivu na zitabaki jinsi zilivyo. Ya tatu, potasiamu 40, ni adimu, takriban atomu 12 katika kila 100,000, na hiyo ndiyo isiyo imara. Hakuna aliyeitia humo. Ilikuwemo katika mavumbi yaliyoiumba dunia miaka bilioni 4.5 iliyopita, na wakati huo ilikuwa nyingi karibu mara 12 kuliko leo, kwa sababu huchukua miaka bilioni 1.25 ili nusu ya atomu zake zivunjike.

Niruhusu nitoke njiani kidogo, kwa kuwa jambo hili lina sehemu inayotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Potasiamu 40 inapovunjika, sehemu kubwa yake hugeuka kuwa kalsiamu, na karibu sehemu moja katika kumi hugeuka kuwa gesi ya argoni. Gesi hiyo hunaswa ndani ya miamba ya volkano baada ya kuganda, na anayejua kuipima anaweza kuhesabu umri wa mwamba. Kwa njia hiyo, mwaka 1961, tabaka la majivu ya volkano la Olduvai, Tanzania, lilikotoka fuvu maarufu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililopatikana miaka miwili kabla yake, lilihesabiwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 1.75. Tabaka za majivu za kando ya Ziwa Turkana nazo zilipimwa kwa atomu hizo hizo zilizomo katika ndizi zako.

Turudi sokoni. Gramu moja ya potasiamu hutoa bekereli 31 hivi. Ndizi moja ya kadiri, ikishamenywa, ina potasiamu ya gramu 0.4 na ushei, kwa hiyo ina bekereli 13 au karibu na hapo. Mkungu wenye ndizi 100 una takriban bekereli 1,300. Mtu mzima wa kilo 70 ana potasiamu ya gramu 140 hivi mwilini, hasa katika misuli, nazo hutoa bekereli zaidi ya 4,000 usiku na mchana, ale ndizi asile. Ukijumlisha abiria wa matatu ya viti 14 inayokuleta mjini alfajiri, umepata bekereli zisizopungua 50,000 zimekaa zikisikiliza redio, na hakuna aliyewahi kudai ateremshwe.

Idadi ya mivunjiko, hata hivyo, haitoshi kutuambia madhara. Kipimo kinachokisia athari kwa mwili ni sieveti, na kwa kuwa hicho ni kikubwa mno, hutumika milisieveti, ambayo ni sehemu moja ya elfu, na maikrosieveti, ambayo ni sehemu moja ya milioni. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi inakadiria kwamba binadamu wa kawaida hupata milisieveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwa maumbile: nusu na zaidi kidogo kwa kuvuta hewa yenye radoni, gesi ya asili inayopanda kutoka ardhini, sehemu nyingine kutoka ardhini na angani, na milisieveti 0.29 tu kwa chakula na maji. Ndizi moja, kwa hesabu za kitabuni, ni maikrosieveti 0.1.

Nimesema kwa hesabu za kitabuni, kwa maana hapa ndipo watu wengi, nami nikiwemo siku za nyuma, tulipokosea. Ilizoeleka kupima mionzi kwa ndizi, mtu akisema kwamba eksirei fulani ni sawa na ndizi kadhaa au mamia kadhaa. Mfano huo unapendeza, lakini unamfanya msomaji adhani kwamba mionzi ya ndizi hujilimbikiza, leo moja, kesho nyingine, mpaka siku moja zifikie mia. Mwili haufanyi hivyo. Potasiamu ni madini ambayo figo huyalinda kwa ukali, kwa sababu ikizidi au ikipungua katika damu moyo huyumba. Fikiria tangi la maji juu ya paa ambalo limejaa na lina bomba la kufurikia: ukipanda na ndoo moja ukaimimina, ndoo moja hutoka upande wa pili. Anayekula ndizi tano kwa siku na asiyekula hata moja, ikiwa wote ni wazima na wana misuli sawa, wana potasiamu karibu sawa, na kwa hiyo wana mionzi karibu sawa. Mionzi hiyo ni takriban milisieveti 0.17 kwa mwaka, nayo huwezi kuipunguza kwa kuacha ndizi bila kwanza kuugua kwa kukosa potasiamu.

Na ile video? Kipima mionzi cha mkononi hulia hata ukikiweka juu ya meza tupu, kwa sababu kuta, udongo na anga vina mionzi yake. Ndizi moja haiongezi kitu ambacho kifaa cha namna hiyo kinaweza kukitofautisha na kelele hizo. Wanaopima chakula kwa uhakika hukiweka ndani ya sanduku zito la madini ya risasi linalozuia mionzi ya nje, pamoja na kifaa maalumu, na kukiacha humo kwa saa nyingi. Kilichosababisha mlio kwenye video ama kilikuwa kitu kingine kilichofichwa chini ya ndizi, ama ni sauti iliyobandikwa baadaye. Mwambie mteja wako arudi, na umpunguzie bei kwa mara moja tu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari, na ninaishi Buruburu. Nilisoma kwamba Japani hairuhusu chakula chenye zaidi ya bekereli 100 kwa kilo kiuzwe. Nikapiga hesabu, nikaona kwamba kilo moja ya ndizi ina zaidi ya bekereli 100 na kilo moja ya maharagwe makavu ina zaidi ya 400. Je, ina maana githeri yetu ya mahindi na maharagwe ingekataliwa Tokyo? Wanafunzi wangu wameniuliza, na sikuwa na jibu la kuridhisha.

JIBU: Mwalimu, hesabu yako ni sahihi, na bado githeri ingepita bandarini. Kikomo hicho, ambacho Japani ilikiweka Aprili 2012, mwaka mmoja na mwezi baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, kinahusu sesiamu yenye unururifu, ile inayotoka katika vinu vya nyuklia, si jumla ya kila kinachovunjika ndani ya chakula. Wapimaji wana vifaa vinavyotofautisha mionzi ya atomu moja na ya nyingine kwa nguvu zake, kama wewe unavyomtambua mwanafunzi kwa sauti kabla hajaonekana mlangoni. Potasiamu 40 huonekana katika kila kipimo, huandikwa pembeni, na huachwa.

Wanafunzi wako watauliza mara moja kwa nini tuiachilie ya asili na kuibana ile ya kiwandani, kana kwamba mwili unajua tofauti. Wana haki ya kuuliza, na jibu la kwamba ya asili haidhuru ni jibu baya, usiwape hilo. Mionzi ni mionzi. Kwa bekereli moja inayomezwa, sesiamu 137 ni kali takriban mara mbili tu kuliko potasiamu 40, na hiyo si tofauti ya kutisha. Tofauti kubwa iko katika yale niliyomweleza mama wa Marikiti. Potasiamu ina kiwango chake mwilini na haivuki hapo. Sesiamu inafanana na potasiamu kikemia, kwa hiyo huingia mwilini kwa mlango ule ule, lakini mwili hauna kiwango unachokilinda: ukila nyingi kila siku, itapanda kila siku hadi ifikie mahali ambapo inayoingia inalingana na inayotoka, na kwa mtu mzima nusu yake huchukua miezi mitatu hivi kutoka. Kiwango cha Japani kilipigiwa hesabu ili nyongeza yote ya mwaka isizidi milisieveti moja. Ni nyongeza wanayoidhibiti, kwa sababu ile iliyokuwepo tangu asili haiwezi kudhibitiwa na serikali yoyote.

Nchi hazilingani katika jambo hili. Mwongozo wa kimataifa wa Codex, unaotumiwa katika biashara ya vyakula baada ya ajali ya nyuklia, unaruhusu sesiamu hadi bekereli 1,000 kwa kilo, lakini iodini 131 hadi 100 tu. Hapa kwetu Kenya kazi ya kusimamia mambo ya mionzi iko mikononi mwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi za bodi ya kinga dhidi ya mionzi iliyokuwepo kabla yake.

Kuna jambo jingine unaloweza kulitumia darasani, na nadhani ndilo litakalowaingia zaidi: bekereli hazilingani. Mwilini mwako, mbali na potasiamu, kuna kaboni 14, ambayo huzaliwa juu angani pale miale inayotoka anga za mbali inapogonga naitrojeni, kisha huingia katika mimea pamoja na hewa ya kaboni, na kutoka hapo huingia katika ugali, sukari, nyama na maziwa. Mtu mzima ana bekereli zaidi ya 3,000 za kaboni 14, karibu sawa na za potasiamu. Lakini kila mvunjiko wake hutoa nishati ndogo mno, hivi kwamba kwa mwaka mzima kaboni hiyo humpa mtu takriban maikrosieveti 12, wakati potasiamu humpa 170. Upande wa pili kuna poloniamu 210, inayotokana na kuvunjika kwa uraniamu, ambayo bekereli yake moja ikimezwa ina uzito wa karibu bekereli 200 za potasiamu. Anayetangaza idadi ya bekereli bila kutaja ni za atomu gani amekuonyesha noti bila kukuambia ni za nchi gani.

SWALI: Kwako Mhariri. Mume wangu ana shinikizo la damu, na daktari alimshauri apunguze chumvi. Dukani nikapata ile chumvi yenye sodiamu kidogo, ambayo imechanganywa na potasiamu. Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa umeme, anasema chumvi hiyo ndiyo yenye mionzi kuliko vyakula vyote, na kwamba hata mitambo huitambua. Nimeificha kabatini. Nifanye nini? Mama wa Umoja.

JIBU: Mama, shemeji yako amesema kweli, ila hakuimaliza. Kloridi ya potasiamu, ambayo ndiyo hutiwa badala ya sehemu ya chumvi ya kawaida, ni potasiamu kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na kilo moja ya kloridi hiyo tupu ina takriban bekereli 16,000. Hii inaweza kuamsha kipima mionzi cha mkononi, tofauti na ndizi, na baadhi ya walimu huitumia darasani kwa kazi hiyo. Kopo la gramu 350 ambalo nusu yake ni kloridi ya potasiamu lina bekereli kama 2,800, na bado ni pungufu ya mumeo mwenyewe. Akiila, figo zake zitatoa ziada kama nilivyoeleza, na mionzi yake kwa mwaka haitabadilika kwa kiasi cha kusumbuliwa nacho.

Neno langu la tahadhari liko kwingine, na ningependa lisomwe na kila mwenye mgonjwa wa presha nyumbani. Yale yote niliyosema juu ya figo yanategemea figo zinazofanya kazi. Mtu ambaye figo zake zimechoka hawezi kutoa potasiamu iliyozidi, na ikipanda katika damu inaweza kuusimamisha moyo. Baadhi ya dawa za presha nazo huizuia potasiamu isitoke. Hatari hiyo ni ya kikemia, haina uhusiano wowote na mionzi, na ndiyo ya kuogopwa. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake kuhusu chumvi za namna hii mwaka 2025, lilizipendekeza kwa watu wazima kwa jumla, lakini halikuwajumuisha wajawazito, watoto na watu wenye matatizo ya figo au hali nyingine zinazoweza kuizuia potasiamu isitoke mwilini. Kwa hiyo kopo liache kabatini mpaka mumeo atakaporudi kliniki. Mchukulie daktari karatasi iliyobandikwa kwenye kopo, umtajie na dawa zote anazomeza, kisha ufuate atakachosema.

SWALI: Mhariri, mzee wangu amesoma kwenye simu kwamba samaki wana poloniamu, ile sumu aliyouawa nayo yule Mrusi huko London. Tangu siku hiyo hataki omena nyumbani, wala dagaa wa baharini. Nimechoka kupika vyakula viwili. Tafadhali mwandikie yeye, mimi hanisikilizi. Msomaji wa Dandora.

JIBU: Mzee, shikamoo. Ni kweli kwamba Alexander Litvinenko alikufa London mwaka 2006 kwa poloniamu 210, na ni kweli kwamba atomu za aina hiyo hiyo zimo katika samaki. Mwanzo wake ni uraniamu iliyomo ardhini kila mahali. Uraniamu huvunjika hatua kwa hatua, na katika hatua mojawapo hugeuka gesi ya radoni inayopanda hewani. Nayo huvunjika, na mabaki yake hunyesha na mvua yakiwa aina ya madini ya risasi iitwayo risasi 210, ambayo hatimaye huzaa poloniamu. Viumbe vidogo vya majini huikusanya, samaki huwala viumbe hao, nasi tunawala samaki. Hukaa zaidi katika ini na utumbo kuliko katika mnofu, na kwa hiyo samaki mdogo anayeliwa mzima, pamoja na chaza na kome, huwa nayo zaidi kuliko kipande cha samaki mkubwa aliyepasuliwa.

Lakini tuangalie kiasi. Kati ya milisieveti 0.29 nilizozitaja mwanzoni, ambazo mtu wa kawaida huzipata kwa mwaka kutokana na kula na kunywa, takriban 0.12 hutoka katika jamii yote ya uraniamu na ya thoriamu, madini mengine ya ardhini yenye unururifu, poloniamu ikiwemo. Wanaoishi kwa samaki wa baharini siku zote huweza kupata zaidi ya hapo, nao ni watu wanaosifiwa kwa afya. Aliyeuawa London alipewa kiasi ambacho huwezi kukifikia hata ukila omena wa Ziwa Viktoria kila siku kwa maisha kumi. Kwa upande mwingine, omena anakuletea protini na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo.

Aliyeniandikia hakuniambia kama unavuta sigara, nami sitakisia. Nitasema tu kwamba majani ya tumbaku yana vinyweleo vinavyonasa risasi na poloniamu zinazoanguka kutoka hewani, kwamba mbolea za fosfeti huongeza nyingine, na kwamba moshi wake huzipeleka moja kwa moja kwenye mapafu, ambako hukaa karibu na chembe hai zinazoweza kugeuka saratani. Ikiwa kuna poloniamu ya kufukuzwa nyumbani, iko kwenye paketi hiyo.

SWALI: Je, kuchemsha chakula kwa muda mrefu huondoa mionzi? Na je, chakula kilichopashwa moto kwa maikrowevu hubaki na mionzi? Msomaji wa Lang'ata.

JIBU: Moto haugusi kiini cha atomu, na kwa hiyo potasiamu iliyochemshwa mchana kutwa ni ile ile. Ukimwaga maji uliyochemshia viazi au maharagwe, utakuwa umemwaga sehemu ya potasiamu, na hivyo ndivyo wagonjwa wa figo hufundishwa kufanya, lakini mtu mzima wa afya anapoteza bure. Maikrowevu haihusiki kabisa: mawimbi yake huyasukasuka maji yaliyomo ndani ya chakula yakapata joto, na ukizima mashine hayapo tena, kama mwanga usivyobaki chumbani baada ya kuzima taa. Viungo vinavyopigwa mionzi viwandani ili kuua vijidudu navyo havigeuki kuwa na unururifu.

SWALI: Mhariri, mimi ninafanya kazi Nairobi, lakini kwetu ni Kwale, si mbali na Kilima cha Mrima. Kila likizo narudi na muhogo, maembe na nazi za nyumbani. Wafanyakazi wenzangu wameanza kunitania kwamba ninawaletea nyuklia. Je, ni mzaha tu?

JIBU: Ndugu yangu, Mrima si mzaha, ingawa hilo la muhogo wako ni mzaha tu. Kilima hicho ni mwamba wa aina ya pekee uliotoka chini sana ardhini, wenye madini ya niobiamu na madini adimu mengine yanayotafutwa na makampuni ya nje, na pamoja nayo una thoriamu nyingi. Ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazojulikana kwa mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida, na watafiti wamekuwa wakiipima tangu miaka mingi. Mtu anayekaa juu ya udongo huo hupata mionzi inayotoka ardhini moja kwa moja, na vumbi lake si la kuvutwa ovyo, hasa kwa wachimbaji.

Chakula ni habari nyingine. Thoriamu hung'ang'ania chembe za udongo na haiyeyuki kirahisi majini, kwa hiyo mizizi hupata shida kuinyonya, na kinachopanda hadi kwenye embe au nazi ni kidogo sana. Radiamu, inayozaliwa uraniamu na thoriamu zinapovunjika, hupanda kwa urahisi zaidi. Mfano mashuhuri wa mmea unaoikusanya ni mti mkubwa wa msitu wa Amazon unaozaa zile kokwa nene ziitwazo za Brazili: hufyonza bariamu kwa wingi, na radiamu, inayofanana na bariamu, huingia pamoja nayo, hivi kwamba kilo moja ya kokwa hizo inaweza kuwa na bekereli za radiamu kutoka makumi machache hadi zaidi ya 200. Muhogo hauna tabia hiyo. Uoshe vizuri, umenye ganda pamoja na udongo wote ulioganda juu yake, kwa kuwa thoriamu iliyopo iko kwenye udongo, kisha uwapelekee wenzako ofisini.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa gredi ya saba, Kariobangi. Mwalimu alisema watu wana mionzi. Ninalala kitanda kimoja na kaka yangu. Je, ananipa mionzi yake usiku? Ninaweza kumwambia mama anitafutie kitanda changu?

JIBU: Mwanangu, anakupa, nawe unampa. Sehemu kubwa ya mionzi ya potasiamu 40 husafiri milimita chache tu na kuishia ndani ya mwili wa mwenyewe. Karibu sehemu moja katika kumi ya mivunjiko hutoa miale mikali zaidi ya gama, ambayo baadhi yake hupenya na kutoka nje, na hiyo ndiyo inayokufikia wewe. Ni kidogo mno, kidogo kuliko unayopata kutoka kwenye ukuta ulio upande wako wa pili, hasa kama nyumba yenu imejengwa kwa mawe ya Ndarugu, kwa sababu mawe hayo ni majivu ya volkano ya kale yaliyoganda na yana potasiamu, uraniamu na thoriamu ndani yake. Ukihamia kitanda cha peke yako karibu na ukuta huo, hutakuwa umeikimbia mionzi. Mwambie mama sababu nyingine, kama vile kwamba kaka yako anakuvuta blanketi.